Mume Wangu Alijuaje Kuitilia Ile RD Oili?

Admin, ukiiweka hii naomba ufiche jina langu kabisa. Mume wangu hayuko Facebook, lakini watoto wetu wako, na mmoja anafuata hii page yako. Mimi ni mama wa miaka hamsini na saba, naishi Kisumu, na nimeolewa miaka thelathini na tano na mwanaume ambaye hajawahi kuniinulia mkono. Na bado simwamini. Someni mpaka mwisho ndio mnitukane.

Nilikuwa na kaka mmoja tu. Mwisho wa miaka ya themanini alikuwa fundi wa pikipiki karibu na soko la Kibuye, akanunua RD kutoka kwa Muhindi aliyekuwa anahama. Yamaha RD350, ile ya LC yenye rejeta ya maji, nyeupe na mstari wa bluu. Jameni, aliongea juu ya hiyo pikipiki mpaka ugali unapoa! Ati RD za kwanza zilipozwa na upepo tu, halafu ikaja hii ya maji, halafu ikaja YPVS yenye vali kwa ekzosi, ambayo ukizungusha ufunguo unasikia kamota kanalia "ziii" kabla hujapiga kiki. "Yangu hailii," aliniambia, "lakini hao wa YPVS waje barabara ya Busia tuonane."

Shida ilikuwa pampu ya oili. RD inajichanganyia oili yenyewe kwa pampu, wewe unatia petroli tupu. Ya kaka iliharibika, na spea haikupatikana. Akaing'oa, akaziba mahali pake kwa bati alilokata kwa kopo la mafuta ya Kimbo, akaanza kuchanganya kwa mkono: chupa moja ya soda ya oili kwa lita kumi za petroli. Mimi ndiye nilimshikia faneli. "Usiambie mtu," alisema. "Mwizi akiichukua atatia petroli tupu, na injini itakwama hata kabla afike Maseno." Alicheka sana siku hiyo.

Mwaka huo haukuisha. Alipatikana asubuhi kando ya barabara, mbele kidogo ya Otonglo, kichwa kimepasuka. Pikipiki haikuwepo. Ikaandikwa ajali. Ajali gani hiyo ambayo pikipiki inaamka na kuondoka?

Baada ya miaka miwili hivi nikaolewa na muuza mitumba wa Kibuye. Mpole, mtu wa kanisa. Tulikuwa na miezi michache tu mtaani Manyatta, mimi nikiwa na mimba ya kwanza, akaja mchana mmoja na pikipiki nyeusi, kwa tangi imeandikwa YPVS. "Nyar Seme," akaniita, maana kwetu ni Seme, "nimeinunua Busia kwa Mganda. Panda!" Akazungusha ufunguo. Nikangoja ile "ziii". Kimya. Nikajiambia labda kamota kameharibika.

Tukaenda petroli stesheni. Akaitisha lita kumi, halafu akatoa kwa mfuko chupa ya soda iliyojaa oili, akamimina yote ndani ya tangi. 

"Baba, mbona unachanganya?"

"RD zote huchanganywa."

"Nani alikuambia?"

"Si hata injini za boti pale Dunga zinachanganywa? Wewe ni mama ama ni fundi?" Akacheka, na yule wa petroli akacheka pia.

Na ni kweli, hapa ziwani watu wengi wanaamini hivyo, kwa sababu injini waliyokua wakiiona ni ya boti. Hapo ndipo nilijishikilia. Lakini kama pampu ingekuwa inafanya kazi na bado anamimina, moshi ungetufukuza barabarani. Moshi ulikuwa mwembamba tu. Jumapili nikasema naumwa, nikabaki. Alipoenda kanisani nikafungua kifuniko cha pampu kwa bisibisi. Hakukuwa na pampu. Kulikuwa na bati la Kimbo.

Wiki hiyo, tukila, nikasema kama mchezo, "Hata kaka yangu alikuwa na RD." Akaacha kutafuna. "Si ulisema alikufa kwa ajali?" Nikasema ndiyo. Siku tatu baadaye pikipiki ikawa imeuzwa, na mpaka leo hajataja neno RD ndani ya nyumba. Labda aliuziwa na muuaji bila kujua, akaambiwa tu namna ya kuchanganya. Lakini muuaji naye aliambiwa na nani? Nami kwa nini nilinyamaza? Nilikuwa na mimba, nilikuwa mwoga, na nilimpenda. Niseme tu ukweli, bado nampenda.

Sasa mama yangu anakufa. Hawezi kuinuka tena. Kwetu mama mkwe na mkwe hukaa mbali kwa heshima. Hata mkono wa salamu mama hajawahi kumpa mume wangu. Lakini juzi alinishika akaniambia, "Mlete. Huyo ndiye amenizibia pengo la mtoto wangu. Nataka nimshike kichwa nimbariki kabla sijaenda." Kikao ni Jumamosi hii, ukoo wote umeambiwa.

Nilipompelekea mume wangu ujumbe hakufurahi. Aliinamisha kichwa, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Mama yako anajua nini?"

Hakuuliza anataka nini. Aliuliza anajua nini.

Asubuhi hii ameninunulia leso mpya ya kuvaa siku hiyo. Ndugu zangu, nimuulize kabla ya Jumamosi na nivunje nyumba yangu, ama ninyamaze, nisimame hapo kando ya kitanda, nimtazame mama yangu akimbariki kwa jina la kaka yangu? Nishaurini, nifanye nini?