Treni Inayogawanyika Njiani

Mtu akianza kuzisifu treni za Ujerumani mbele yangu, mimi huondoka. Juzi nilimwacha fundi wangu wa nguo hapa Kabiro, Kawangware, akiwa na pini mdomoni, gauni langu likiwa na mkono mmoja tu, kwa sababu alisema kule mambo ni safi, mtu haulizi njia, treni zenyewe zinajua zinakokwenda. Alinishangaa. Sikumweleza kitu, maana ningeanza kueleza ningeishia kumtukana, na yeye hana makosa.

Nilikwenda huko na mama. Kaka yangu mkubwa anaishi katika mji mmoja mkubwa wa kaskazini, anafanya kazi ya kutunza wazee, na baada ya ahadi za miaka akatutumia tiketi za ndege tukamwone. Gari hana. Huko, alisema, gari ni la nini, reli inakufikisha popote. Na kweli inakufikisha. Kuna treni za juu na treni za chini ya ardhi, ukishuka kwenye moja unateremka ngazi unapanda nyingine, au unaisubiri huku baridi ikikutafuna masikio, maana zinachelewa pia, msidanganywe.

Mama ni mtu wa Sarang'ombe, kule Kibera, haingii mahali penye watu bila kusalimu. Siku ya kwanza aliingia kwenye behewa akasema, "Hamjambo watu wa Mungu," kwa ile sauti yake ya kuita wateja. Behewa zima likageukia madirisha. Tulikuwa chini ya ardhi, nje kulikuwa na giza tupu, lakini walikodoa macho kwenye hilo giza kana kwamba kuna kitu cha kuonekana.

"Mathe, huku hatusalimiani kwa treni," kaka akamnong'oneza.

"Kwani mmekosana?"

Tulicheka sana, mimi na kaka. Leo sioni cha kuchekesha.

Siku nyingine mama alisimama mbele ya mlango wa treni akingoja ufunguke. Hakujua kwamba mlango ule haufunguki mpaka mtu abonyeze kitufe. Nyuma yake palikuwa na watu, wote wanajua, na hakuna aliyefungua mdomo. Mwishowe mkono ulipita juu ya bega lake, ukabonyeza, ukarudi. Mwenye mkono hakumtazama hata usoni. Hapo ndipo nilipoanza kukasirika. Kule kila kitu kimeandikwa mahali fulani, kwa hiyo hakuna anayeona haja ya kumwambia mwenzake. Kama hukusoma, shauri yako.

Tulikuwa bado hatujamaliza siku zetu pale binamu yangu alipopiga simu kutoka Nairobi. Mama mkubwa, yaani dada wa mama, amelazwa, na daktari amesema walio mbali waje. Hawa wawili walitoka Magharibi ya Kenya pamoja wakiwa wasichana. Mmoja akapanga Kibera, mwingine akapanga huku Kawangware, na Jumapili baada ya kanisa lazima mmoja amfuate mwenzake, wanywe chai mpaka jua litue. Mama hakulia. Alianza kufunga sanduku lake kabla hata simu haijakatwa. Alitaka kitu kimoja tu, amkute dada yake akiwa hai.

Kaka alihangaika mpaka akatubadilishia ndege, tukapata ya kesho yake mchana. Lakini kesho yake alikuwa na zamu, na zamu kule haichezewi. Alitusindikiza mpaka stesheni ya karibu na kwake, akatubebea masanduku mpaka juu, kila mara akiangalia saa.

"Mkipanda hii hamshuki mahali, mnaenda nayo tu mpaka airport. Lakini mkae mbele."

"Mbele kwa nini?" mama akauliza.

"Mathe, kaeni tu mbele. Sawa?"

Akatukumbatia, akashuka ngazi mbio.

Mama akakamata sanduku lake akaelekea nyuma. Mtu wa Kibera atamwelewa. Kwenye treni yetu ya kutoka mjini, mbele ni pa vijana wanaoning'inia mlangoni na wanaopapasa mifuko ya watu. Akina mama wenye mizigo hupanda behewa la mwisho, kwa sababu hilo ndilo husimama karibu na njia ya kuteremkia nyumbani, na huko nyuma ndiko wanakoombeana na kushikiana mizigo. Tena mama anaamini treni ikigonga kitu, wa mbele ndio huumia kwanza. Amepanda behewa la mwisho tangu nikiwa mgongoni mwake. Ningembishia kwa hoja gani? Kaka alitoa amri bila sababu, mama alikuwa na sababu zake zote. Nikamfuata.

Tulipokaa, mama akapiga simu hospitalini. Binamu yangu akaiweka kwenye sikio la mama mkubwa, na tukasikia sauti yake, nyembamba lakini yake. Mama akafurahi, na mama akifurahi anapaza sauti. Walisalimiana kwa Kiluhya, akamuuliza kama amekula, akamwambia tuko njiani, kesho asubuhi atamwona. Mama mkubwa hata alicheka. Kisha akasema kwa Kiswahili, nikamsikia vizuri, "Sasa sikiza nikwambie kitu."

Ng'ambo ya njia alikuwa amekaa mzee mmoja na mbwa wake. Aliinama kuelekea kwetu, akaweka kidole mdomoni na kutoa mlio ule wa kunyamazisha watoto. Alipoona mama hajaelewa, akarudia, safari hii akiwa amekunja uso, akionyesha simu kwa kidole.

Mama ana adabu zake, hataki kuaibika ugenini. Akashusha sauti. "Ngoja kidogo dada, hapa wanakataa simu. Nitakupigia tukifika airport." Akakata.

Behewa likatulia, kila mtu akaridhika.

Baadaye treni ilisimama kwenye stesheni moja kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kipaza sauti kikasema maneno kwa Kijerumani, kikakoroma mengine ambayo sikuyashika. Vijana wawili wenye mabegi wakashuka mbio, nikafikiri wamefika kwao. Mzee akatutazama. Aliyatazama masanduku yetu, akaitazama ile karatasi ya ndege iliyobaki kwenye mkono wa sanduku la mama tangu tulipokuja, kisha akamkuna mbwa wake kichwani. Milango ikafungwa, tukaondoka.

Treni ile hukatwa pale katikati. Mabehewa ya mbele huenda uwanja wa ndege, ya nyuma huenda kwingine kabisa. Hiyo ndiyo sababu kaka alisema tukae mbele, na maneno ya kuieleza hayajazi hata pumzi moja. Sisi tulijua tuliposhuka mwisho wa reli, mahali penye miti na baiskeli. Mwanamke mmoja niliyemwonyesha tiketi ya ndege akatikisa kichwa, akatuelekeza tulikotoka.

Na yule mzee alijua! Hili ndilo hunitoa usingizini mpaka leo. Alikuwa na mdomo wa kumwambia mama anyamaze. Hakuwa na mdomo wa kumwambia ashuke. Kawangware tuna shida zetu, tuna matope, tuna watu wa kila aina, lakini panda gari lisilo la njia yako na begi kubwa uone. Kabla hujakaa watakuuliza unaenda wapi, wengine wataanza kubishana wenyewe kwa wenyewe ni njia gani nzuri, na dereva atapigiwa kelele asimame. Unaweza kuchoshwa na watu wa kwetu. Kupotea mbele ya macho yao ni vigumu.

Tulirudi, tukapanda nyingine, tukafika uwanjani tukikimbia, mama akiwa ameshika viatu mkononi. Msichana wa kaunta akatuambia kwa upole kwamba wamefunga, ndege nyingine ni kesho. Mama akampigia dada yake palepale. Binamu akasema amewekewa oksijeni, amelala. Tukapiga tena jioni, bado amelala. Hakuamka. Alifariki tukiwa tumekaa kwenye viti vya chuma, kabla ndege yetu ya pili haijaondoka. Mama alisafiri usiku mzima bila kula wala kuvua kitambaa chake, akijua anakwenda kwenye matanga.

Tulimzika nyumbani Magharibi. Tuliporudi Kibera, kaka alipiga simu, nikaiweka kwa spika tusikie sote. Aliongea chinichini.

"Lakini mathe, si nilisema mkae mbele? Na pale huwa wanatangaza. Hata mlangoni imeandikwa."

Nilitaka kuivunja ile simu. Mama akanizuia kwa mkono.

"Sawa, baba. Imeandikwa," akamjibu. "Lakini dada yangu alikuwa anataka kuniambia kitu, na mimi nikamkatia simu."

Nilingoja kaka aseme pole. Nilingoja alie, au hata abishe, tugombane kama watu wa nyumba moja. Nyuma yake nikasikia mlio wa milango ya treni ikifungwa, nikajua yuko ndani ya behewa, na anaogopa kufungua mdomo, watu wasije wakamgeukia.