Jina la Mzaliwa wa Kwanza

Programu ile tuliiandika wawili: mimi mwalimu wa kompyuta Kasese, rafiki yangu fundi simu Bwera. Ilikuwa kamusi ya Lhukonzo ya kwenye simu, bure kwa kila mtu. Leseni yake ilisema chukua, badilisha, gawa, hata uza ukipenda, mradi usifute majina ya walioiandika. Niliipenda mno leseni hiyo. Nilijiona mkarimu.

Jina lilitoka nyumbani kwake. Sisi Wakonzo humwita mtoto kwa zamu yake ya kuzaliwa, na wiki ileile mkewe alikuwa amejifungua msichana wao wa kwanza. Tukaipa programu jina la mtoto. Baba yake akamchora kiuso cha mviringo, kikawa nembo.

Ni rafiki yangu aliyetaka tuliandikishe jina hilo serikalini.

"Leseni inachunga kazi, jina hapana," aliniambia kibandani mwake, bisibisi mkononi. "Twende tuiandikishe, ndugu yangu. Mutu anaweza kuikamata."

Nikamcheka. Jina la kila binti wa kwanza milimani kote, nani angethubutu kusema ni lake? Hatukuwa na kamati wala kanuni ila moja: mmoja wetu akikataa jambo, limekufa. Nikakataa. Akanung'unika kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, akarudi kwenye simu zake.

Miaka michache baadaye ini lilimuua. Bado namlilia.

Hatujamaliza hata matanga, kampuni moja ya Kampala ikaichukua kamusi yetu, ikaijaza matangazo, ikaliandikisha jina kuwa alama yake ya biashara. Kisha ikaniandikia niache kulitumia. Kazi ilikuwa haki yao kuichukua. Niliwapa mwenyewe kwa mikono miwili. Kuhusu jina, wakili alisema tungeweza kupinga, nikileta ushahidi wa nani alianza na lini. Karatasi zote alikuwa nazo marehemu, na mimi niliogopa, nisidanganye. Sikuwa tena na mtu wa kunikatalia. Nililifuta jina kila mahali, nikakifuta na kile kiuso, na toleo jipya likaingia kwenye simu za wote.

Mwezi uliopita nilikwenda Bwera kumjulia hali mjane. Binti aliniletea chai, akakaa karibu nami na simu ya baba yake, ambamo alizoea kuifungua kamusi kila siku ajitazame.

"Baba mudogo, sura yangu iko wapi? Na jina?"

Nikamweleza polepole: kuna watu wamelichukua, hatuna ruhusa tena ya kulitumia, ikabidi niliondoe. Alinisikiliza vizuri, kama anavyosikiliza mtoto aliyefiwa.

"Na baba alikubali?"

Chai ilikuwa ya moto lakini niliinywa. Nikamwambia hapana, baba yako hakukubali. Baba yako alitaka kulilinda. Ni mimi niliyekataa.