Neno la Ubaoni na Vikombe Viwili

Dada yangu alipoolewa Malampaka, chumba chetu cha kupanga hapa Bariadi kikawa changu peke yangu. Nikichemsha chai, mkono bado ulikuwa unatoa vikombe viwili.

Mchana nashona kwa fundi sokoni, jioni nasoma kozi ya Kiingereza, maana siku moja nitatembeza watalii Serengeti, mtaona. Jumamosi moja mwalimu aliandika ubaoni: distraught. Akasema hiyo si huzuni ya kawaida. Ni huzuni iliyomzidi mtu mpaka akili haitulii, hajui ashike lipi.

"Ukikosa chai usilitumie. Mama aliyepotelewa na mtoto mnadani, huyo ndiye."

Sentensi yangu ilikuwa ya ng'ombe aliyepotelewa na ndama.

"Ng'ombe tena!" mwalimu akasema. "Nyie Wasukuma, hata Kiingereza mnakipeleka malishoni."

Darasa likaangua kicheko, mimi nikacheka kuliko wote.

Chumbani nikalijaribu neno lile kama gauni. Likanipwaya. Akili yangu ilikuwa imetulia kabisa, nilijua cha kupika na saa ya kulala. Nilikuwa mpweke tu, na mama sikutaka ajue.

Jumapili baada ya kanisa akapiga simu kutoka Nkoma. Kwetu unaposalimiwa unajibu kwanza "mhola", yaani shwari, hata kama ndani kuna msiba. Habari mbaya husubiri salamu ziishe. Basi tukasalimiana. Nyumbani, mhola. Pamba, mhola. Ng'ombe, mhola. Mimi nilikuwa na kawaida ya kuaga hapohapo, kabla sauti haijaanza kutetemeka.

"Haya mayu," nikamwambia mama, "tutaongea."

"Unakimbilia wapi, mwanangu? Kila wiki unanisalimia halafu unakimbia. Salamu zimeisha. Sasa niambie."

Lile neno la ubaoni lilikuwa kubwa mno kwangu, na mhola nilikuwa nimeshaimaliza.

"Mayu, bado natoa vikombe viwili."



"Na mimi bado nasonga ugali kama vile mpo wote. Kuku wananenepa tu."

Nikacheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Hakuniambia ninyamaze, wala hakukata simu. Tuliongea mpaka chai ikapoa, kwenye vikombe vyote viwili.