Chupa Aliyokuja Nayo Mwita

Mwanangu, siku aliyorudi kaka yangu Mwita naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Alikuwa akifanya kazi kwenye kambi ya watalii huko mbugani, na baba yetu alipofariki hakuja kuzika. Tangu hapo mama hakutaka kusikia jina lake.

Mchana ule akaingia uani kwetu hapa Nyansurura, ameshika chupa ya wiski ya Uskoti. Akasema shikamoo. Mama akaitikia marahaba bila kuinua macho, akaendelea kuanua kimea cha ulezi, maana yeye ndiye aliyekuwa akipika amarwa, pombe yetu Wakurya. Mwita akachuchumaa, akaanza kujieleza kwamba ile chupa ni ya bei nafuu tu, mchanganyiko wa wiski za kimea kutoka viwanda kadhaa, si zile wanazokunywa wageni wake.

Aliposikia kimea, mama akanyoosha mkono. Hakukimbilia kunywa. Alimimina kidogo kikombeni, akanusa, akatia maji kidogo, akanusa tena, ndipo akaonja na kuiacha ikae mdomoni. Mimi nilikuwa naangalia uso wake tu.

Akasema mwanzoni ina utamu wa asali, halafu inanukia mapera yaliyoiva, na moshi kwa mbali. Inachoma kooni kidogo kwa sababu bado ni changa. Kisha akamtazama Mwita, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

“Usiiombee radhi,” akamwambia. “Ni pombe nzuri. Baba yako angeipenda.”

Mwita akainamisha kichwa, akalia. Mama akamsogezea kigoda.

Wote wawili sasa wametangulia. Majuzi nilikwenda Mugumu nikaiona wiski ya aina ile ile, nikanunua. Nilionja polepole, kama mama. Asali ipo, moshi upo. Nikageuka kumuuliza kama naye anayasikia mapera, mwanangu, nikakumbuka niko peke yangu.

Basi nakuusia. Kinywaji usikipime kwa bei wala kwa karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Kinuse, kipe maji kidogo, kipe muda, kisha sema kile ulichokiona ulimi wako. Na kiwe kidogo, usije ukapoteza huo ulimi. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili: kama kuna mtu nyumbani unayeona aibu kumwendea, nenda angali hai, na ulichonacho mkononi, hata kiwe hafifu, kitatosha.

Mungu akurahisishie njia ya kurudi kwenu, na ukifika, akukutanishe na mtu wa kuitikia salamu yako.