Sale Kwenye Bustani ya Mawe

Mimi nilianza kama mpagazi, nikapanda cheo nikawa mwongozaji wa wageni, na kama waongozaji wote wa Marangu, hakuna nisichokijua. Najua habari za volkeno na za barafu, na nina majina ya ndege ambao sijawahi kuwaona. Kwa hiyo mgeni mmoja, mama wa makamo, aliponiuliza yale maua meupe makavu yanayochungulia kwenye nyufa za mawe yana maana gani katika lugha yetu, nilijibu bila kumeza mate: uvumilivu. Akaandika kwenye daftari lake. Alisema kwao kila ua lina ujumbe, ukimpelekea mtu ua huna haja ya kusema neno.

Ukweli ni kwamba kwetu ua la mlimani halisemi chochote. Utotoni niliwahi kumpelekea mama ua, akauliza swali moja tu: ng'ombe anakula? Nikasema hali. Akalitupa, tukaendelea na maisha.

Lakini nilishuka mlimani nimeelimika. Nilikuwa na vyumba viwili vya kulaza wageni, na ng'ombe nilishamuuza kwa sababu wageni hawapendi harufu yake, ingawa maziwa wanayapenda sana. Kilichopungua, nikaamua, ni bustani ya mawe. Sehemu nzuri ilikuwa kando ya shamba, pale ambapo masale, ile mimea yetu ya majani membamba, yalikuwa yamesimama safu moja, marefu, bila kazi yoyote niliyoiona mimi msomi. Nikayang'oa asubuhi moja, nikayatupa bondeni, nikapanga mawe.

Sasa, kazi ya masale hayo. Baba, kabla hajafa, alitugawia kihamba, shamba la migomba la ukoo, mimi na kaka yangu, na mpaka kati yetu aliuweka kwa masale aliyoyapanda kwa mikono yake. Hakuna karatasi. Masale ndiyo yalikuwa karatasi, sahihi na mashahidi. Mtoto wa darasa la pili hapa kwetu anajua hilo. Mimi nilikuwa najua urefu wa vilele vyote viwili kwa mita.

Kaka ni mzee wa kanisa, na hasira yake haina kelele. Alisimama akatazama mawe yangu, akaingia kwake. Kesho yake nikamwamkia, "Shikamoo, kaka." Akapita. Ilikuwa Agosti. Tangu hapo nilimwamkia kila siku, na kila siku shikamoo yangu ilibaki hewani kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Mtu akikunyima marahaba ni afadhali akuchape.

Mama, ambaye naishi naye kwa kuwa mimi ndiye kitinda mimba, hakunigombeza. Alisema tu, "Krismasi hii nitakula kwa nani?" Akarudi kumenya ndizi.

Sasa, kwetu ukimkosea mtu unajua cha kufanya. Unachukua jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea. Akishaliona, hawezi kukukatalia msamaha, hata kama ulimvunjia nyumba. Uzuri ni kwamba mimi nilikuwa nimeyang'oa yote. Ningeweza kuomba kwa jirani, ndiyo. Lakini kuomba sale kwa jirani ni sawa na kutangaza kosa lako kanisani baada ya mahubiri, tena kwa kipaza sauti. Nilikuwa na heshima zangu, au kiburi, iite utakavyo.

Basi Oktoba nikafanya jambo la kisomi zaidi. Mimi, niliyewakemea wageni miaka kumi na moja kwamba ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuchuma hata jani, nilichuma yale maua meupe ya kwenye mawe, nikayaficha ndani ya soksi, nikampelekea kaka shada. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Alilitazama shada, akamtazama ng'ombe, akaliweka kwenye hori. Ng'ombe akanusa akageuza shingo. Nikarudi nyumbani na uvumilivu wangu.

Usiku ule niliona aibu. Si ya shada. Niliona aibu kwa sababu kaka ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka mfereji nilipokuwa siwezi, na mimi nilikuwa nimeng'oa neno la mwisho la baba yetu ili wageni wapate mahali pa kupiga picha.

Desemba, vuli ikiwa ya kusuasua, nilikuwa naondoa magugu kwenye bustani yangu maarufu. Ua nililolinunua Moshi mjini lilikuwa limekauka, na lile lililofuata pia. Katikati ya mawe mawili, mahali ambapo mimi sikupanda kitu, palikuwa na sale. Fupi, lenye majani manne, limesimama wima. Hiki ndicho kitu pekee kilichokubali kuota kwenye mawe yangu. Chini yake palikuwa na samadi mbichi iliyobanwa vizuri kwa kidole gumba. Nilidhani ni mama aliyelipanda, ingawa mama hainami tena siku hizi.

Sikufikiri sana. Nilifunga fundo kwenye jani moja bila kulikata, nikaling'oa sale zima na mizizi yake, nikavuka. Kaka alikuwa mlangoni ananoa panga.

"Shikamoo, kaka. Nimekosa."

Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza akiangalia mizizi.

"Wiki tatu nalimwagilia hili," akasema. "Nilidhani hutaliona mpaka Pasaka."

Mtu niliyemkosea alikuwa amenipandia jani la kumwombea msamaha, kwenye mawe yangu mwenyewe, kwa samadi ya ng'ombe wake, kwa sababu alijua mdogo wake hataenda kuomba kwa jirani.

"Marahaba," akasema. "Na ya jana marahaba."

Kisha akachukua jembe, akaenda mpakani, akalipanda. Alilipanda hatua mbili nzima ndani ya upande wangu. Nilizihesabu zote mbili, halafu nikaenda kuleta maji.