Nani Aliyefunga Mlango wa Jikoni?

Siku mahakama ya Malindi iliposoma hukumu ya kesi ya binamu yangu, sisi wa Mambrui tulikuwa tumeshapika. Ami yangu alikuwa na hakika kwamba mshtakiwa angefungwa. Mimi, niliyeombwa rai kwa sababu ndimi niliyesoma, nilisema dalili zote zaelekea huko. Basi mbuzi wakachinjwa alfajiri, walimu wa chuo wakaalikwa waje wamsomee marehemu hitma baada ya adhuhuri, na masufuria ya pilau yakainjikwa uani. Sijasikia ukoo mwingine uliowahi kupikia hukumu kabla haijatoka.

Niseme mapema kwamba nilisomea fasihi. Kwetu hilo halina uzito; aliyesoma amesoma. Nimeshaombwa ushauri kuhusu presha, mipaka ya shamba na injini ya mashua, na kwa aibu yangu nimeutoa.

Binamu yangu alikuwa mwangalizi wa nyumba moja kubwa ya likizo karibu na ufuo, ambayo sehemu kubwa ya mwaka hukaa tupu. Alikutwa jikoni amekufa, amepigwa kichwani. Aliyeshtakiwa ni mtunza bustani wa nyumba hiyohiyo, kijana wa Muyeye ambaye wazazi wake walihamia pwani kutoka bara. Siku moja kabla ya kifo wawili hao waligombana juu ya maji ya tangi, majirani wakasikia, na kwetu hilo lilitosha. Muda wote wa kesi tulikalia mabenchi ya kushoto, watu wake wakakalia ya kulia, tukitazamana kama mashabiki waliokatazwa kupeana mikono.

Jaji alisoma kwa Kiingereza. Karani alitafsiri kwa kasi ya mtu mwenye njaa, kwa hiyo nikawa namnong'oneza shangazi yangu, mama wa marehemu. Jaji alisema jirani aliyemkuta marehemu aliukuta mlango wa jikoni umefungwa kwa ufunguo kutoka nje, ikabidi uvunjwe. Ufunguo wa marehemu ulikuwa mfukoni mwake. Mtunza bustani hakuwahi kupewa ufunguo wa jikoni. Na hakuna mpelelezi aliyejishughulisha kuuliza ni nani mwingine aliyekuwa nao. Mshtakiwa yuko huru.

Mabenchi ya kulia yalilipuka kwa vilio vya furaha. Ami akasimama akapaza sauti kwamba hii si haki, hata askari akamsogelea. Shangazi alinivuta mkono wa shati.

"Amesema mlango ulifungwa kutoka nje?"

"Ndiyo, shangazi, lakini la muhimu ni kwamba ameachiliwa."

"La muhimu kwako. Nani aliufunga?"

Nikamweleza kwamba mahakama haikuulizwa hilo. Iliulizwa tu kama kijana huyu ana hatia.

"Basi miaka yote hii walikuwa wakitafuta nini?"

Nimesimama mbele ya maprofesa nikitetea tasnifu yangu. Hakuna aliyenibana namna ile.

Tuliporudi Mambrui, ami alitaka watu waambiwe hitma imeahirishwa. Tutakula vipi, akauliza, na muuaji yuko nje? Alikwisha kuanza mpango wa rufaa, na mimi ndiye ambaye ningeiandika, bila shaka. Shangazi alikuwa akivua viatu mlangoni.

"Hitma ni ya mwanangu," akasema. "Yeye hajaachiliwa na mtu. Pakueni."

Kisomo kilikuwa kimekwisha na sinia zimeshaanza kutoka tuliposikia hodi. Alikuwa mama wa yule kijana, muuza mboga katika soko la Malindi. Alijifunika leso kichwani, ameifunga kwa namna ya mtu asiyeizoea. Kwetu hodi isipojibiwa mara tatu mtu huondoka. Yeye alipiga ya nne.

"Lo! Amekuja kutucheka," akasema binamu yangu mmoja wa kike, wala hakupunguza sauti.

Yule mama aliingia, akamwendea shangazi moja kwa moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," shangazi akajibu. Nadhani neno lilimtoka lenyewe. Shikamoo ina nguvu hiyo.

Ami akawahi. "Umekuja kumshukuru Mungu nyumbani kwetu?"

"Kanisani nitaenda Jumapili, mzee. Hapa nimekuja kwa huyu mama." Akamgeukia shangazi. "Kijana wangu ametoka, ndiyo. Lakini nimepita sokoni, wananiambia ametoka tu, si eti hakuua. Jirani yangu ameona tukishuka na yeye, akafunga dirisha. Kama mwenye alifanya hii kitu hapatikani, mimi nimerudishiwa mtoto nusu. Wewe hukurudishiwa chochote. Mama, si tunatafuta mtu mmoja?"

Nilisubiri shangazi amfukuze. Badala yake aliuliza, "Mwanao aliingia jikoni mle?"

"Hapana. Hata maji ya kunywa alikuwa anapewa dirishani."

"Na nani?"

"Na kijana yako. Kila siku. Hata ile siku waligombana, alimpa."

Shangazi akawageukia waliokuwa kwenye masufuria. Kisha akasema, "Mpakulieni."

Hakuna aliyeinuka. Yule binamu yangu akauliza, "Pilau ya marehemu, shangazi? Apewe huyu?"

"Ya marehemu, naam. Kwani wewe ulinunua mbuzi?" Akachukua sahani, akapakua mwenyewe, akatafuta nyama iliyonona. "Karibu, mwenzangu. Kula."

Ami alitoka akaenda kukaa barazani kwa msikiti. Hakula kabisa siku ile, na kwa anayeijua pilau ya mkewe, hiyo ilikuwa hasira ya kweli.

Jumatatu iliyofuata nilitoka Mnarani, ninakoishi, na gari langu, nikawachukua shangazi na mama wa yule kijana na kuwapeleka kwa wapelelezi Malindi. Nilijiandaa kuwa msemaji. Afisa mmoja alitupokea bila kuinua macho.

"Nani upande wa marehemu?"

"Sisi," wakasema pamoja.

Hapo akainua macho. Akasema anawapa pole, ila kesi imekwisha.

"Ya mwanawe imekwisha," shangazi akasema. "Ya mwanangu haijaanza."

Afisa akanigeukia mimi. "Wewe ni wakili?"

"Hapana. Nilisomea fasihi."

"Vizuri. Basi waeleze kwa lugha tamu waende nyumbani."

Nikawageukia. Shangazi alikwisha kukaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Mwenzake alikuwa akimenya chungwa.

"Jaribu," shangazi akaniambia.

Nikakaa nami.

Tulirudi Jumatatu iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Ami alisema tunamdhalilisha marehemu. Shangazi akamjibu kwamba ana nafasi garini akitaka kuja kutuzuia. Wale mama walileta chupa ya kahawa na mihogo ya kuchemsha, wakawa wanawagawia waliokuja na shida zao. Maafisa walianza kutumia mlango wa nyuma. Mama wa Muyeye akahamia mlango wa nyuma.

Hatimaye alikuja afisa mwingine, mwanamke kijana aliyehamishiwa hapo karibuni. Alisoma jalada siku nzima, kisha akaomba yule mtunza bustani aitwe. Nilimwona mama yake akishika ukingo wa benchi. Kijana alikuja, akasimama mbele ya meza amefumbata mikono kama alivyosimama kizimbani.

"Kaa," afisa akamwambia. "Nataka kujua ni nani waliokuwa wakiingia nyumba ile kwa mlango wa jikoni."

Kijana alimtazama mama yake, kisha shangazi.

"Sijawahi kuulizwa hivyo," akasema. "Nimeulizwa tu kwa nini nilimuua."

"Sasa umeulizwa," shangazi akasema. "Sema, mwanangu, usimwache hata mmoja." Akamgeukia afisa. "Nawe, binti, andika."