Baba Alipougua Tukingoja Treni

Wenyeji walipotufukuza mji wa Kolwezi kwa sababu asili yetu ni mkoa wa Kasai, baba yangu alikuwa mzee aliyestaafu kwenye migodi, alikoletwa kufanya kazi akiwa kijana. Tulilala gare, kwenye stesheni, katika mvua, tukingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Vyoo vilifurika. Uchafu ulitiririka mpaka kwenye mikeka tuliyolalia.

Baba hakuwa na homa wala hakukohoa sana. Ila aliacha kula, akaanza kuniita kwa jina la marehemu mama, akilalamika kwamba sijamtengea maji ya kuoga aende kazini. Nikadhani ni uchungu wa kufukuzwa. Mwanamke aliyelala kando yetu, muuguzi aliyefukuzwa kama sisi, akamtazama kifua kwa muda.

"Hii si uzee, mama," akaniambia. "Anapumua mbio sana. Ni mapafu. Kwa bazee nimonia inaingia kimya-kimya. Umupeleke hospitali leo."

Tukamsukuma juu ya baiskeli mpaka hospitali alikotibiwa miaka yake yote ya kazi. Mlangoni alisimama muuguzi mmoja, jirani yetu. Baba ndiye aliyemsimamia mtoto wa kwanza wa muuguzi huyo katika ubatizo. Alipotuona, jirani huyo aliziba pua kwa leso.

"Bakasai baende kwabo," akasema.

"Ndugu, ni mi," baba akajibu. Hata akili ikiwa imemruka, alimtambua.

Yule bwana akageuka, akamwamuru mlinzi afunge geti. Mtu aliyekula mezani kwetu!

Masista wa dispensari moja ndio waliotupokea. Wakamdunga penisilini, wakaniagiza nimketishe, nimnyweshe maji na uji kidogo kidogo, nimrudishe kila siku kwa sindano. Nikamwegemeza kwenye mabunda yetu. Makohozi yake yalikuwa na rangi ya kutu. Niliyamwaga kwa mikono yangu na wala sikuona kinyaa. Kinyaa changu kilibaki kule getini, kwenye ile leso.

Akapona. Asubuhi moja aliniita kwa jina langu, akaomba bukari, ugali wetu. Ya hospitali hakuyakumbuka hata kidogo.

"Jirani yetu alikuja kutusalimia?" akauliza.

"Bado, tata."

Treni ilipofika, tukabanana ndani ya behewa. Baba akang'ang'ania dirishani, akimtafuta yule bwana kwenye umati ili amuage. Nilimshika mgongo asianguke, nikaacha atafute.